Pikipiki ya Stoo Haiamshwi kwa Mafuta ya Taa

Swali ni lilelile, anayebadilika ni muulizaji tu. "Fundi, nina Honda CG ya marehemu mzee, imekaa stoo miaka mingi. Nimwage nini kwenye tundu la plagi iwake?" Wengi huja na jibu lao mfukoni: mafuta ya taa. Wengine wameshamwaga dizeli tayari, wanachotaka kwangu ni baraka. Wapo wa soda, wapo wa mafuta ya breki, na hivi karibuni nimeletewa hata ya mafuta ya nazi, ambayo kwa maoni yangu yangebaki jikoni.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nitaisemea CG125 kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi: ya bwana shamba, ya katekista, ya mwalimu mkuu aliyestaafu. Mwenye Yamaha au Suzuki ya zamani, zile za kuchanganya petroli na oili, achukue yanayomhusu na kuyaacha ya klachi na oili ya chini, maana yeye ana mambo yake.

Kwanza hesabu. CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, ndiyo maana ukizidisha unapata sentimita za ujazo 124. Mgandamizo wake ni takriban 9 kwa 1. Maana yake, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na kichwa cha silinda ni kama mililita 15. Chukua kijiko cha chakula, kijaze maji, ukiangalie: nafasi yote ni hiyo. Sasa wewe umemimina nusu kikombe cha mafuta ya taa, umeyaacha yalale usiku kucha, asubuhi umefunga plagi na kupiga kiki. Hewa hugandamizika, kimiminika hakigandamiziki. Pistoni inapanda, inakuta pamejaa, na haina pa kwenda.

Ukipiga kiki kwa mguu, mara nyingi itagoma tu na goti lako litakupa habari. Balaa liko kwenye hatua inayofuata, ambayo kila mtaa unaifahamu: kuisukuma. Vijana wanne, gia ya pili, mteremko, achia klachi! Hapo nguvu si ya mguu tena, ni uzito wa pikipiki na wa aliyeikalia ukipitia tairi, cheni na gia boksi hadi kwenye kranki. Kinachopinda ni konrodi. Na konrodi iliyopinda kidogo haipigi kelele siku hiyo. Injini inaweza hata kuwaka, watu wakashangilia, kisha pistoni ikaanza kulika upande mmoja taratibu. Baada ya wiki kadhaa unakuja na malalamiko ya moshi wa bluu, unaapa kwamba ilikuwa nzima.

Tuseme hukuwa na bahati mbaya hiyo, ringi zilikuwa zimelegea na mafuta ya taa yakapenya yote yakashuka chini. Umeponea wapi? Chini ndiko kuliko na oili. CG inabeba oili isiyozidi lita moja hivi, na lita hiyo hiyo ndiyo inayolainisha kranki, kamu, gia boksi na klachi. Hakuna oili ya injini peke yake na ya gia peke yake kama kwenye gari. Ukiichanganyia nusu kikombe cha mafuta ya taa, umeifanya nyembamba kwa kila kiungo cha injini kwa mkupuo mmoja, halafu ukaiwasha kwa furaha na kuivutia moto ikiwa bado haijapasha.

Mafuta ya taa hupenya, hilo sikatai. Lakini kinachoshika pistoni kwenye pikipiki iliyolala ni kutu kati ya ringi na ukuta wa silinda, na kutu haiyeyuki kwa mafuta ya taa wala kwa dizeli. Zaidi ya hapo, yanaosha ule utando mwembamba wa oili ya zamani uliokuwa ukilinda sehemu ambazo bado nzima. Yakishakauka yanaacha chuma kitupu, kwenye stoo yenye unyevu.

Kuna ndugu yake na dawa hii, naye ana wafuasi wengi zaidi, hata mafundi wa gereji: kuosha injini kwa dizeli. Unamwaga oili chakavu, unajaza dizeli, unawasha dakika chache, unamwaga. Kinatoka kitu cheusi kama lami na wote mnaridhika kwamba injini imesafishwa. Cheusi hicho kingetoka chenyewe na oili ikiwa ya moto. Uchafu wenyewe haujatoka, na nitakwambia ulipo.

CG haina filta ya karatasi kama ya gari. Ina chujio la waya chini, na kwenye ncha ya kranki upande wa kulia, nyuma ya kava ya klachi, ina kikombe kidogo kinachozunguka pamoja na kranki. Oili inapita humo kwanza. Kikizunguka, chenga za chuma na masizi hurushwa pembeni na kugandamana ukutani kama ukoko wa chunguni. Ndivyo kilivyobuniwa, na kinafanya kazi vizuri mno. Baada ya kikombe hicho, oili inaingia moja kwa moja ndani ya kranki kwenda kwenye beringi ya konrodi. Sasa fikiri mwenyewe: uchafu wa miaka ishirini umekaa mlangoni pa beringi, nawe unapeleka dizeli kuulainisha huku injini inazunguka. Vipande vinavyobanduka vinaelekea wapi? Kwenye ndoo yako? Vinaingia kwenye beringi. Na beringi hiyo haibadilishwi kwa spana. Kranki ya CG imeshindiliwa kwa presi, kuifungua na kuirudisha ikiwa imenyooka ni kazi ya karakana yenye mashine.

Kukisafisha inavyotakiwa ni kazi ya asubuhi moja. Mwaga oili, fungua kava ya kulia, fungua skrubu za kifuniko cha kikombe, kwangua kwa mti, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, safisha na chujio la waya, weka gasketi mpya, funga. Ajabu ni kwamba watu wako tayari kununua lita ya dizeli kila mwaka maisha yao yote, lakini gasketi moja wanaiona gharama.

Najua utakachosema: ya jirani ilimwagiwa mafuta ya taa, ikasukumwa, ikawaka, na mpaka leo inabeba magunia. Sawa. Injini hiyo haikuwa imekamata. Ilikuwa na kabureta iliyoziba na plagi iliyolowa, na ingewaka hata kama mngeimwagia chai, mradi mngesafisha hivyo viwili. Injini za CG ni ngumu kufa, na ugumu huo ndio uliowapa sifa waganga wengi wasiostahili.

Kama kweli imekamata, fanya hivi. Toa plagi. Tia oili nyepesi, au ile nyekundu ya gia otomatiki, kijiko kimoja, si kikombe. Iache siku kadhaa, ukiongezea matone. Fungua kava ya kushoto, shika nati ya magneti kwa spana, ijaribu taratibu kwenda na kurudi. Mzunguko wake wa kawaida ukiitazama kutoka kushoto ni kinyume cha saa. Plagi ibaki nje muda wote. Ikisogea hata kwa upana wa ukucha, umeshinda, endelea kuongeza taratibu siku hadi siku. Isiposogea, usitafute nyundo wala vijana wa kusukuma: fungua kichwa na bloku. Injini hii ni ya fimbo za kusukuma valvu, haina cheni ya kamu ya kukuhangaisha, na ndiyo injini rahisi kuliko nyingi za kujifunzia kufungua. Ukuta wa silinda ukiwa na vishimo vya kutu unavyovihisi kwa ukucha, ringi mpya hazitakusaidia. Bloku ikachongwe na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa, au ununue seti. Bodaboda nyingi za Kichina zinatumia injini iliyoigwa humo humo, kwa hiyo spea zimejaa Kariakoo na hata kwenye duka la njia panda ya kijijini kwenu. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, pima, linganisha. Usimwamini muuzaji anayekwambia "zote sawa".

Mengine nayasema haraka, maana hayana ubishi.

Petroli ya zamani imwage yote. Ikikaa inageuka gundi, na jeti ndogo ya kabureta ina tundu lisilofika nusu milimita. Fungua kabureta, loweka, puliza. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma, utalipanua. Tangi lenye kutu lijaze siki au asidi ya limau iliyochanganywa na maji, liache siku nzima, suuza kwa maji yenye magadi, kausha na utie petroli yenye oili kidogo hapo hapo, la sivyo kutu inarudi. Tangi linalovuja usilipeleke kwa mchomeleaji eti kwa kuwa ni tupu. Tangi tupu lina mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na hilo ndilo linalolipuka.

CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na platini. Safisha platini, weka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, na usifunge betri ya volti 12 kwa sababu ndiyo uliyoipata dukani. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa. Kagua waya zote, panya hawakuwa na kazi nyingine humo stoo. Oili ununue iliyoandikwa JASO MA; nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaogelea humo humo, itateleza.

Kisha breki na matairi, ambavyo sijaulizwa hata na mtu mmoja kati ya hao wote wa mafuta ya taa. Pikipiki inayowaka bila breki ina hatari kuliko iliyolala. Tairi likiwa na meno yote bado linaweza kuwa limekufa: tazama pembeni, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT zinaonyesha wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000 na sina la kuongeza. Badilisha na tyubu pia. Vitambaa vya breki vya zamani hubanduka gundi hata kama ni vinene, na vingi vya enzi hizo vilikuwa na asibesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, ulifute, ukitupe kitambaa. Kebo za breki na klachi nunua mpya. Kaza spoki. Inua tairi la mbele, zungusha usukani polepole: ukisita katikati, beringi za shingo zimeliwa, na pikipiki ya namna hiyo huyumba ukiongeza mwendo. Cheni na sproketi zake badilisha kwa pamoja.

Rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza nayo kwa sababu inaonekana kwa wageni, halafu inakwanguka mara mbili kabla injini haijarudi kwenye fremu. Na unapopiga msasa, usiguse namba ya fremu wala ya injini. Namba iliyofutika utaielezea polisi, na maelezo yako hayatatosha.

La mwisho si la spana. Kama kadi ya pikipiki bado ina jina la marehemu, wewe si mmiliki kisheria hata kama funguo ulipewa na mama. Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye uwezo wa kuihamisha, na kazi hiyo ianze leo pikipiki ikiwa bado vipande vipande, kwa sababu itachukua muda kuliko injini. Umiliki ukishahamia kwako, kata bima kabla ya safari ya kwanza ya majaribio. Ya mtu wa tatu ndiyo ya lazima kisheria, na bima inayokatwa baada ya kumgonga mtu hailipi chochote.