Meno ya paka: parasetamoli hapana!

Bandugu, kwetu paka si wa mapambo: yeye njo analinda mahindi na maharagi ku depo. Akianza kutoa mate, kinywa kinanuka, anatafuna upande mumoja ao anaacha kula, mutu anakimbilia dawa zake mwenyewe. Hapo njo hatari.

Kidonge kimoja cha parasetamoli ya miligramu 500 kinaweza kuua paka. Ini yake haiwezi kuvunja hii dawa kama yetu. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso unavimba. Kama amekwisha kumeza, usingoje dalili wala kesho, mupeleke kwa veterineri. Mafuta ya karafuu na kitunguu saumu, zenye tunasifu sana kwa meno yetu, kwake ni sumu pia. Na dawa yetu ya meno? Iko na floridi, na paka hajui kutema.

Ku nyumba fanya kidogo tu: kitambaa laini ku kidole, maji safi, pangusa meno upande wa inje kila siku. Uchafu ukibaki siku chache unakauka kama jiwe. Usiukwangue na kisu, iyo ni kazi ya veterineri. Na kama ufizi unamuuma tayari, usimulazimishe, atakuuma.