Ushindi wa Swichi

Ukirudi likizo nyumbani Gitting, karibu na Mlima Hanang, ukawakuta watoto wakishindana, wasimulie habari hizi mbili.

Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alificha swichi katika mpini wa upanga wake wa umeme. Alipoibonyeza, taa ya pointi iliwaka ingawa mpinzani hakuguswa. Upanga ukakaguliwa, naye akafukuzwa mashindanoni.

Mwaka 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni. Alimaliza akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Waulize wangependa kuitwa ndugu wa nani. Nawe mzazi, kabla ya kumsifu mtoto kwa kushinda, muulize ameshindaje.