Doha: Video fupi huvuta wateja, lakini ina masharti yake

Simu moja ya mkononi yatosha kuitangaza biashara ndogo mjini Doha, mji mkuu wa Qatar. Hata hivyo, video ile ile inayomvuta mteja yaweza pia kumfikisha mwenye biashara mbele ya sheria, iwapo hana leseni au hakupata ridhaa ya wanaoonekana katika picha.

Funzo la Souq Waqif

Nguvu ya video fupi ilidhihirika mjini humo mwezi Novemba mwaka 2022, wakati wa fainali za Kombe la Dunia la kandanda.

Kijana wa Kenya, Abubakr Abbas, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alikuwa na kazi ya kuwaelekeza mashabiki kwenye kituo cha treni cha Souq Waqif. Akiwa ameketi juu ya kiti kirefu, kipaza sauti mkononi, alirudia maneno machache yale yale kwa mahadhi: treni za metro ziko upande huu.

Mashabiki walimrekodi kwa simu zao na kuzisambaza video hizo katika mtandao wa TikTok. Muda si mrefu akajulikana duniani kama "Metro Man". Tarehe 25 Novemba alialikwa kuwasalimu watazamaji katika uwanja wa Al Bayt, kabla ya pambano la England na Marekani.

Abbas hakuwa akiuza bidhaa yoyote. Lakini alifanya kile ambacho matangazo mengi hushindwa kukifanya: alisema jambo moja tu, kwa maneno mepesi kukumbukwa, na akamwonyesha msikilizaji pa kwenda.

Picha kabla ya maneno

Doha ni mji wa lugha nyingi. Wengi wa wakazi wa Qatar ni wageni, na kando ya Kiarabu na Kiingereza husikika Kihindi, Kiurdu, Kinepali, Kitagalogi na Kiswahili. Kwa hiyo video yenye kueleweka kwa macho hufika mbali kuliko hotuba ndefu.

Mpishi wa sambusa, kwa mfano, hana haja ya kujieleza sana. Mikono inayokunja unga, mafuta yanayochemka na sambusa inayokatwa katikati vyatosha. Sekunde za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtazamaji ataendelea au atapita.

Mwishoni ni sharti yaonekane mambo matatu: bei kwa riyali, mtaa ambako bidhaa inapatikana, na namba ya kuagizia. Maandishi mafupi ya Kiarabu na Kiingereza huongeza idadi ya wanaoelewa.

Wingi wa watazamaji, hata hivyo, si wingi wa wateja. Mtu aliyeko Mombasa anaweza kuisifu video hiyo, lakini hawezi kununua sambusa ya moto mjini Doha. Kipimo cha kweli ni kumwuliza kila mteja mpya alikotoka.

Leseni kwanza

Kwa mhamiaji, hatari kubwa haimo katika kamera bali katika biashara yenyewe. Sheria namba 21 ya mwaka 2015 kuhusu kuingia, kutoka na ukaazi wa wageni haimruhusu mfanyakazi kumfanyia kazi mtu mwingine asiye mwajiri wake bila kibali.

Wizara ya Biashara na Viwanda hutoa leseni za biashara zinazoendeshwa nyumbani, lakini kwa shughuli zilizoorodheshwa tu. Anayetangaza kabla ya kuhakikisha kwamba hali yake ya ukaazi inamruhusu kufanya biashara, huwa ametengeneza ushahidi dhidi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ridhaa ya anayeonekana

Mwaka 2025 Qatar iliifanyia marekebisho sheria yake ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2014. Kusambaza picha au video za watu walioko mahali pa hadhara bila wao kujua au kuridhia, pasipo idhini ya sheria, kwaweza kuadhibiwa kwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, faini isiyozidi riyali 100,000, au vyote viwili.

Hivyo muuzaji anayerekodi mbele ya duka hana budi kuwaepuka wapita njia. Msusi naye anahitaji uangalifu zaidi, kwani kwa wanawake wengi nywele, hata bila uso, ni siri ya nyumbani. Ridhaa iliyoandikwa kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko ile ya mdomo.

Muziki nao una wenyewe. Wimbo maarufu uliotiwa katika tangazo bila idhini ya mwenye haki waweza kusababisha video kuondolewa.

Umaarufu wa video huweza kupita kwa siku chache. Kibali cha ukaazi kikipotea, biashara hupotea, na pamoja nayo fedha zilizokuwa zikitumwa nyumbani.