"Daktari, andika Hakuna"

Asubuhi moja ya mwezi Agosti, kabla sijamaliza chai yangu, aliingia katika kliniki yangu mjini Migori msichana ninayemfahamu vizuri, akifuatana na nyanya yake. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Nimemtibu msichana huyu tangu akiwa na umri wa miaka sita, kwa hivyo nilidhani viungo vimeanza kumuuma tena.

La, hakuwa mgonjwa. Alikuwa amefanya mtihani wa KCSE mwaka uliotangulia na kupata alama nzuri sana. Sasa alikuwa na fomu ya mfuko mmoja wa ufadhili unaowasaidia vijana kujiunga na vyuo vikuu vya ng'ambo. Ukurasa wa mwisho ulihitaji sahihi na muhuri wa daktari. Hapo palikuwa na swali kama mwombaji ana ugonjwa wowote wa kudumu.

"Daktari, andika 'Hakuna'," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nyanya yake akaongeza: "Daktari mwanangu, tusaidie. Wakijua mtoto ana damu mbaya hawatamchukua."

Nimepewa ruhusa na wote wawili kukieleza kisa hiki, na mambo machache nimeyabadilisha ili wasitambulike. Nakieleza kwa sababu kila mwaka, msimu wa maombi ya vyuo unapofika, hunijia vijana wa aina hii kutoka pande zote za Migori na Homa Bay. Wengine wanataka muhuri. Wengine wana vidonda vya tumbo, kichwa kisichokoma kuuma au moyo unaokwenda mbio. Ukiwauliza sana, utakuta chanzo ni ile bahasha.

SELI MUNDU SI AIBU

Msichana huyu ana ugonjwa wa seli mundu. Ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujipinda zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Karibu na ziwa letu ugonjwa huu ni mwingi kwa sababu anayerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Malaria imekuwa hapa vizazi na vizazi, na seli mundu ikabaki nayo.

Anayeugua anaweza kusoma, kufanya kazi na kuishi maisha yake. Lakini baridi kali, kiu, uchovu na miinuko ya juu vinaweza kumwangusha. Sasa mpeleke mtoto kama huyo Boston mwezi Januari, barafu hadi magotini, na karatasi yake ya afya imeandikwa "Hakuna". Akilazwa usiku kwa maumivu, daktari wa huko ataanza kutafuta upya jambo ambalo mimi nalijua tangu akiwa darasa la kwanza. Huenda pia dawa yake ya haidroksiyurea, inayopunguza maumivu hayo, ikawa imekwisha kwa kuwa aliogopa kumwambia mtu kwamba anaitumia.

Nilikataa kuandika "Hakuna". Niliandika jina la ugonjwa, dawa anayotumia, mara alizolazwa katika miaka miwili iliyopita (mara moja tu) na maoni yangu kwamba anaweza kusoma popote penye hospitali nzuri.

"Na wakinikataa?" akauliza.

Sikuwa na jibu la kumpa. Wapo wanaokataa watu kwa sababu kama hizo, na singeweza kumdanganya kwamba hawapo. Nilimweleza nilichokijua. Vyuo vingi vya Marekani haviulizi habari za ugonjwa wakati wa kuomba nafasi. Fomu ya afya hutumwa mwanafunzi akishakubaliwa, na huenda kwa kliniki ya chuo. Ni baadhi ya mifuko ya ufadhili, kama huo wake, inayouliza mapema.

Kuhusu ukimwi, jambo ambalo wazazi wengi wa hapa huniuliza kwa kunong'ona, sheria yetu ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili akubaliwe shuleni au chuoni. Nayo Marekani iliondoa mwaka 2010 marufuku iliyowazuia wenye virusi kuingia nchini humo.

INSHA YA MACHOZI

Ndani ya bahasha ile mlikuwa pia na insha. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kupitia fomu moja ya pamoja, ambayo insha yake haizidi maneno 650. Niliisoma yote. Ilianza na kifo cha baba, ikafuata jeneza, mvua, kisha njaa. Katika aya ya tatu palikuwa na machozi "yaliyotiririka kama mto Kuja".

Nilimuuliza nani ameandika. Akainamisha kichwa. Ni binamu yake wa Nairobi, ambaye alimweleza kwamba Wazungu hutoa pesa wakilia.

Jambo hili linaniudhi, tena si kidogo. Angalieni hali ilivyokuwa: kwenye insha mtoto anavuliwa nguo mbele ya watu kwa habari za kifo ambacho hata hakikumbuki, kwa kuwa baba yake alifariki akiwa na miaka miwili. Kwenye fomu, ugonjwa anaopambana nao kila siku unafichwa. Mtoto mwenyewe hayumo popote.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa mjini Homa Bay kukaa katika kamati ya kuwahoji vijana walioomba ufadhili. Aliingia mvulana, mwenzetu mmoja akamtaka atueleze jinsi mama yake alivyokufa. Kijana alianza, akafika katikati, akanyamaza. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Tulimpa maji. Alipata nafasi, naam, lakini baada ya wiki mbili aliletwa kwangu kwa sababu halali usiku. Nami nilikuwa katika chumba kile nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na tangu siku ile, nikiitwa kwenye kamati, naomba swali la aina hiyo lisiulizwe.

Sisemi kwamba shida zisitajwe. Katika kaunti hizi mbili watoto wengi wamelelewa na nyanya zao, na sababu tunaijua. Mwaka 2001 ndipo Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za ukimwi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Kabla ya hapo tulikuwa tukizika. Mtoto akitaja hayo anasema kweli. Lakini ayataje kwa sentensi mbili tatu, kisha aeleze yeye alifanya nini. Na kama mzazi yu hai na anatumia dawa, habari ya ugonjwa ule ni mali ya mzazi. Mtoto aombe ruhusa kwanza. Nimewahi kumwona mama akilia kwa sababu walimu wote wa shule walikuwa wameisoma hali yake katika insha ya mwanawe iliyopitishwa mkono kwa mkono kusahihishwa.

Basi nilimwuliza msichana wangu: "Wewe, ukiugua shuleni, huwa unafanya nini?"

Alifikiri kidogo, akasema ana daftari. Tangu kidato cha pili alikuwa akiandika kila siku maji aliyokunywa, baridi ilivyokuwa asubuhi, michezo aliyoshiriki na kama viungo vimemuuma. Baada ya mihula miwili aligundua kwamba maumivu humjia zaidi mwezi Julai, na siku mbili baada ya riadha ikiwa hakupata maji ya kutosha. Alimpelekea matroni daftari hilo. Akaruhusiwa kuingia darasani na chupa ya maji na kuvaa sweta mbili. Wasichana wengine wawili wenye ugonjwa huo wakapewa ruhusa hiyo hiyo, naye akawafundisha kuweka madaftari yao.

Mimi daktari nilimtibu miaka yote hiyo bila kujua. Nilimwambia arudi nyumbani aandike hayo, kwa mkono wake, bila binamu.

KAZI ZA NYUMBANI NI KAZI

Fomu ile ya pamoja ina mahali pa kutaja shughuli 10, na kila moja huelezwa kwa herufi 150 tu. Vijana wetu hufikiri panatakiwa tamasha za muziki na vilabu vya mdahalo peke yake. Asiyekuwa navyo huacha wazi, au hubuni cheo cha uongo. Kumbe kazi za nyumbani zinakubalika, zimewekewa hata jina lake katika fomu. Anayeanika omena na nyanya yake Mbita kabla ya kwenda shule, anayempa babu dawa za shinikizo la damu kwa saa zake, anayewapikia wadogo zake wanne: hao wote wana la kuandika. Andika saa ngapi kwa wiki, na miaka mingapi.

Kuandika maombi si jambo geni kwetu. Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, ndiye aliyeandaa safari ya wanafunzi 81 waliopaa kwenda Marekani Septemba 1959. Mwaka huo huo Barack Obama, baba yake rais, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii kwa njia yake mwenyewe. Hakuwa amemaliza shule ya upili. Alisoma kwa masomo ya posta, na kwa msaada wa Mmarekani mmoja, Elizabeth Mooney, akaandikia vyuo vingi barua hadi kimoja kikamkubali.

SIKU YA MAHOJIANO

Hapa ndipo ninapopata wagonjwa wengi. Kijana anapanda basi la usiku kutoka Migori, hajala, anafika Nairobi alfajiri, ananawa uso stendi na kwenda moja kwa moja kuhojiwa. Kisha anashangaa kwa nini mawazo yalimtoroka. Kama kuna jamaa wa kumlaza, asafiri siku moja kabla. Asubuhi anywe uji au ale chai na mkate na yai. Chai ya rangi tupu, au vile vinywaji vya mikebe vya kuondoa usingizi, humwongezea mpigo wa moyo na asidi tumboni.

Wengine huniomba vidonge vya kutuliza moyo. Vipo, mojawapo ni propranolol, na najua vinauzwa kiholela. Mwenye pumu akivimeza anaweza kubanwa na kifua mpaka akahatarisha maisha yake. Usinunue kwa sababu rafiki yako vilimfaa.

Kitu kinachosaidia ni mazoezi. Tumelelewa kutazama chini mbele ya wakubwa, na hayo ni malezi mema, lakini mhoji wa ng'ambo anaweza kudhani unaficha jambo. Mwombe mwalimu au mchungaji, mtu asiye wa nyumbani kwenu, akuhoji mara tatu nne ukimtazama usoni. Swali likikushinda, vuta pumzi polepole, sema "naomba nifikiri kidogo". Hakuna aliyenyimwa nafasi kwa kufikiri.

Waliokwisha kukubaliwa wasisubiri wiki ya mwisho kwa mambo ya afya. Vyuo vingi vya Marekani hudai chanjo mbili za surua, matumbwitumbwi na rubela pamoja. Ratiba yetu ya kawaida ya watoto haina ya matumbwitumbwi, kwa hivyo utaitafuta na kuilipia. Uingereza hudai cheti cha kifua kikuu kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Ukipimwa kwa sindano ya ngozi, matokeo yanaweza kudanganya kwa sababu ulichanjwa BCG ulipozaliwa. Omba kipimo cha damu.

Msichana wangu alihojiwa mwezi Oktoba kwa njia ya video, katika ofisi ya mwalimu mkuu wake wa zamani, chupa ya maji mezani. Jioni alinipigia simu. Walimuuliza habari za baba yake kwa dakika moja, akajibu. Kisha mmoja wao akaomba kuliona lile daftari, akaliinua mbele ya kamera na kulifungua ukurasa mmoja mmoja. Walitumia zaidi ya dakika kumi hapo.

"Waliuliza kama nitaweza baridi," akasema. "Nikawaambia nitahitaji sweta tatu."

Majibu bado hayajatoka. Nyanya yake hupita kliniki kila siku ya soko kuniuliza kama nimesikia lolote, nami humwambia, "Bado, mama."