Je, Wajua? Namba, Nyaya na Fyuzi za Lori Lako

Unataka kufunga spotilaiti, redio mpya au soketi ya tela kwenye lori au pikapu yako kwa mikono yako mwenyewe? Kazi ya spana ni ndogo. Kazi yenyewe ni kujua spea ipi inaingia na waya upi unakwenda wapi. Anza na haya.

• Namba ya chasisi ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q, kwa kuwa zingechanganywa na 1 na 0. Ukiona "O" kwenye namba ya namna hiyo, isome sifuri.

• Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba hiyo ya 17. Yana namba fupi ya fremu yenye kistari katikati. Ukiiandika kwenye katalogi inayodai tarakimu 17, itakujibu kwamba gari hilo halipo. Tafuta katalogi ya Kijapani.

• HZJ79 si jina la mapambo. HZ ni injini ya 1HZ, J ni ukoo wa Land Cruiser, na 79 ni aina ya chasisi ya pikapu. LN106 nayo ni injini ya ukoo wa L kwenye Hilux. Ndiyo maana muuza spea mzoefu huuliza herufi hizo kabla ya kuuliza mwaka wa gari.

• Tarakimu tano za mwanzo kwenye namba ya spea ya Toyota hutaja aina ya kifaa: 27060 ni altaneta, 28100 ni stata. Zinazofuata ndizo zinazotenganisha ya gari lako na ya gari la jirani.

• Malori makubwa hutumia volti 24 kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Faida yake ni kwamba kwa wati zilezile, umeme unaopita kwenye waya ni nusu: taa ya wati 70 hula karibu ampea 6 kwenye volti 12, na karibu ampea 3 tu kwenye volti 24.

• Balbu ya H4 ya volti 12 (wati 60/55) na ya volti 24 (wati 75/70) zina kitako kilekile. Zinaingia bila ubishi. Ya volti 12 ukiiweka kwenye lori la volti 24 itawaka kwa mbwembwe, kisha itaungua. Soma maandishi kwenye kitako chake kabla ya kulipa.

• Kuchota volti 12 za redio kutoka betri moja kati ya mbili ni njia ya haraka ya kuziua zote mbili. Inayochotwa haijai, mwenzake hujazwa kupita kiasi. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12.

• Namba zilizo chini ya rilei zina maana moja kwa watengenezaji wengi, kwa sababu zinafuata kiwango cha Ujerumani cha DIN 72552. Ya 30 hupokea umeme moja kwa moja kutoka betri, kupitia fyuzi. Ya 87 hupeleka umeme kwenye taa. Ya 85 na 86 ni za koili: moja inakwenda swichi, nyingine inakwenda ethi. Katika michoro inayofuata kiwango hicho, 15 ni umeme unaokuja ukiwasha swichi ya gari, 31 ni ethi, na 50 ni stata.

• Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 hula chini ya robo ya ampea, lakini hufungulia njia ampea 30 au zaidi. Kwa hiyo swichi ndogo ya dashibodi inaweza kuamrisha spotilaiti kubwa bila kuyeyuka.

• Fyuzi haikuwekwa kulinda redio wala taa. Imewekwa kulinda waya usiungue. Ndiyo sababu hukaa karibu na betri: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka kikagusa bodi ni moto.

• Rangi za fyuzi bapa husomeka bila miwani: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Fyuzi ikikatika, ya ampea kubwa zaidi si dawa. Tafuta shoti.

• Spotilaiti mbili za balbu za wati 60 kwenye volti 12 hula ampea 10. Ukizilisha kwa mita tano za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, karibu volti 0.9 zinapotelea njiani, na mwanga unapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Waya wa 2.5 hupoteza kama volti 0.35 tu. Wengi hulaumu taa, kumbe kosa ni la waya.

• Si kila waya mwekundu kama shaba ni shaba. Upo wa alumini uliopakwa shaba juu, na hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitoa rangi ya fedha ndani, urudishe dukani.

• Kwenye michoro ya Toyota, B ni nyeusi na L ni bluu. W-B, nyeupe yenye mstari mweusi, ni ethi. Kwenye magari mengi ya Kijerumani, ethi ni kahawia. Rangi za gari moja usizihamishie gari jingine.

• Indiketa inayopepesa mbiombio baada ya kufungwa taa za LED haijaharibika. Flasha ya zamani hupima umeme unaopita. Ikiona umechukuliwa kidogo, hudhani balbu imekufa. Badilisha flasha.

• Soketi ya tela yenye pini saba si moja. Kwenye ile ya volti 24 ya aina ya N, ethi iko pini ya 1. Kwenye ile ya volti 12, pini ya 1 ni indiketa ya kushoto, na ethi iko ya 3.

• Taa kubwa zina upande. Kwenye kioo chenye alama ya E ndani ya duara, mshale mmoja unaoelekea kulia kwako ukiitazama taa humaanisha ni ya nchi za kuendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Ukiifunga huku, utamtia upofu anayekuja mbele yako.

• Kuchomelea bodi huku betri imeunganishwa kunaweza kuua altaneta na kompyuta ya injini. Chomoa betri kwanza, na ethi ya mashine uibane karibu kabisa na unapochomelea.

• Scania, Volvo na Mercedes-Benz huandika miongozo ya waunda bodi na kuiweka kwenye intaneti. Humo mna mahali pa kuchukulia umeme wa vifaa vya ziada na mahali pa kutoboa chasisi. Sheria inayojirudia: usitoboe ubapa wa juu wala wa chini wa chasisi.

Kabla hujakata waya wowote, piga picha ya kibao cha chasisi, namba ya spea ya zamani, na soketi ikiwa bado imefungwa. Muuzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikuuliza "ya gari gani?", mwoneshe picha, usimsimulie.