Mifereji Ndani ya Mtutu

Mji wa Chaka uko kusini kidogo tu mwa Ikweta, hata nusu digrii haifiki, kwenye barabara inayotoka Karatina kwenda Nanyuki. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliochora mkanda mpana juu ya ramani ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mwa Ikweta hadi digrii 22 kusini. Eneo la Chaka likaangukia katikati ya mkanda huo. Ndani yake ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za shabaha, pamoja na risasi na baruti zake. Serikali ziliruhusiwa kuwapa askari wao, na msafiri mwenye kibali aliweza kubeba ya kujilinda. Mwafrika aliyetaka kununua dukani aliachiwa gumegume, mradi mtutu wake uwe laini ndani, usio na mifereji.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli silaha nyingi zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka kupitia kisiwa hicho. Hata hivyo, waandishi wa mkataba hawakusema bunduki zote zikome. Walichagua mifereji. Walielewa vizuri kwamba hapo ndipo nguvu ilipo, na historia yetu ya vita inasomeka vizuri zaidi tukilielewa jambo hilo kama walivyolielewa wao.

Tuanze na gobori, bunduki ya mtutu laini inayojazwa kupitia mdomoni. Risasi yake ni goroli ya madini laini, na lazima iwe ndogo kuliko mtutu ili iteremke hadi chini. Baruti inapolipuka, goroli hupanda ikigongagonga kuta, kisha hutoka ikifuata upande ilikogonga mwisho. Ukisogea mbali kupita mita mia moja hivi, kumpata mtu mmoja uliyemlenga ni bahati. Mtutu wenye mifereji iliyojipinda huizungusha risasi, nayo ikizunguka husimama imara hewani kama pia. Kikwazo kilikuwa kimoja: risasi inayoteremka kwa urahisi haiishiki mifereji, na inayoishika haiteremki. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa risasi ndefu yenye shimo kwenye kitako. Iliingia mtutuni bila shida, na moshi wa baruti ulipojaa shimoni, kitako kilitanuka na kuuma mifereji.

Ni ulaini wa madini yenyewe uliowezesha hayo. Madini ya risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi, kwa hiyo jiko la mkaa latosha, na hadi leo katika nchi zinazoruhusu uwindaji wapo wanaosubu zao wenyewe kwa bunduki za kuwindia. Huchanganya bati au antimoni ili kuipa ugumu. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi. Ikizidi moto, hutoka na weupe kama umande ulioganda. Wengi huitazama ncha, ilhali anayejua hugeuza atazame kitako. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mdomo wa mtutu, na ukingo wake ukiwa na pengo, hewa ya moto hutoroka upande mmoja na kuisukuma risasi nje ya njia. Ncha iliyochubuka kidogo husamehewa. Kitako hakisamehewi.

Kipimo nacho ni cha nywele. Risasi ya kusubu hupendeza ikiwa pana kuliko kipenyo cha mtutu, kikipimwa kutoka chini ya mifereji, kwa sehemu moja ya elfu ya inchi. Ikiwa nyembamba, moto hupenya pembeni, huunguza ubavu wake, na madini hupakaa mtutuni hadi kila risasi inayofuata iende ovyo. Mgeni wa kazi hii akiona hivyo hukimbilia kuifanya ngumu zaidi, na mara nyingi anaongeza tatizo, kwa kuwa risasi ngumu mno isiyo na baruti ya kutosha nyuma yake haitanuki kuziba nafasi. Mafuta yake ni nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Kasi ikizidi sana, madini matupu huanza kushindwa, ndipo kitako huvishwa kikombe chembamba cha shaba nyekundu.

Waingereza walifikia kilele cha ufundi huo wa zamani kwa Martini-Henry, iliyokubaliwa jeshini mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31, sehemu 12 za risasi kwa moja ya bati, ikifungwa kwa karatasi. Mtutu ulikuwa na mifereji saba, ukiizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 22.

Mtu mmoja aliyejifunzia shabaha kwa Martini ya kaliba .450 amezikwa Nyeri. Ni Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wala-watu wa India, aliyehamia huku mwaka 1947, akaishi kwenye nyumba ya Paxtu katika hoteli ya Outspan, na kufariki Aprili 1955. Katika kitabu chake Jungle Lore cha mwaka 1953 anakumbuka jinsi, akiwa mvulana kule Nainital, alivyoanza na gobori lililopasuka mtutu mmoja, kisha akaazimwa Martini na sajini-meja wa kikosi cha vijana. Mtoto yuleyule, macho yaleyale. Kilichobadilika ni chombo alichokabidhiwa.

Miaka hiyohiyo Corbett akiishi Nyeri, vijana waliozaliwa Nyeri walikuwa msituni, Nyandarua na Mlima Kenya, wakipigana na serikali ya kikoloni na kuunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Bomba halina mifereji. Tena risasi walizopata zilikuwa za kiwandani, zilizovikwa koti gumu la metali, aina iliyoenea baada ya Eduard Rubin wa Uswisi kubuni koti la shaba mwaka 1882. Risasi ya koti haitanuki kama ya Minié. Ilipita ndani ya bomba ikilegea, ikatoka bila mzunguko, ikapinduka hewani. Aliyeishika bunduki hiyo ilimbidi amsogelee adui mwenye bunduki ya mifereji ya Lee-Enfield, hatua chache tu, akijua kwamba chuma kile kingeweza kumpasukia usoni.

Nimesoma mara nyingi maelezo yanayozicheka bunduki zile, na huniudhi. Waliozibeba walijua shabaha ni nini. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa King's African Rifles kule Burma, ameshika bunduki halisi vitani. Shambulio la usiku, kuvizia karibu, kuvamia vituo ili kupata silaha: mbinu hizi zote zilitokana na mtutu laini. Serikali nayo iliona uzito wa kila risasi moja. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi kinyume cha sheria kulikuwa na adhabu ya kifo, na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa Nyeri kwa bastola moja na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Leo uwindaji wa michezo umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni. Sioni haja ya kulegeza lolote kati ya hayo. Madini yenyewe ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, walipewa na mahakama mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Ila bunduki za bomba zinapowekwa kwenye kabati la kioo katika makumbusho zikiwa zimelazwa ubavu, mtazamaji haoni kitu muhimu. Zisimamishwe mdomo ukimwelekea mtazamaji, taa iangaze ndani, na kando yake uwekwe mtutu wa Lee-Enfield uliopasuliwa kwa urefu. Mwanafunzi anayesoma Chaka au Kiganjo achungulie ndani ya mitutu yote miwili.