Soriasisi: Askari wa mwili wanapoishambulia ngozi

MGONJWA wa soriasisi hubeba mizigo miwili: ngozi inayowasha na kubambuka magamba, na macho ya watu wanaokwepa mkono wake wakihofia kuambukizwa.

Hofu hiyo haina msingi. Maradhi haya hayaletwi na uchafu, wala hayaenei kwa kugusana au kutumia taulo moja. Chanzo chake kimo katika kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Chembechembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Kazi yazo ni kuangamiza viini vya maradhi, kisha kutulia. Katika soriasisi, baadhi yazo, ziitwazo seli T, huivamia ngozi ilhali hakuna adui. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe na kuziita chembechembe nyingine, zikiwemo nyutrofili ambazo kwa kawaida hupambana na bakteria.

Kemikali hizo pia huiharakisha ngozi kujiunda upya. Seli za ngozi, ambazo huchukua takriban mwezi mmoja kukomaa na kufika juu, sasa hufika kwa siku chache tu zikiwa changa. Hurundikana na kuwa magamba, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Kwa watu weusi, mabaka huweza kuwa ya zambarau au kahawia badala ya mekundu, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa choa.

Zamani wataalamu wengi waliamini kasoro imo ngozini pekee. Mnamo 1979 iliripotiwa kwamba saiklosporini, dawa ya kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, ilipunguza soriasisi. Kwa kuwa dawa hiyo huzidhibiti seli T, macho yalielekezwa kwenye kinga.

Mtu huweza kurithi uwezekano wa kuugua. Maambukizi ya koo, mkwaruzo au msongo wa mawazo huweza kuyaamsha maradhi.

Mwaka 2014, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliitambua soriasisi kuwa maradhi sugu yasiyoambukiza. Hayana tiba ya kuyamaliza kabisa, lakini marhamu, mwanga maalumu, vidonge na sindano huyatuliza. Anayeumwa viungo amwone daktari mapema, kwani maradhi haya huweza kuviharibu. Aidha, tembe za steroidi zisimezwe kiholela; kuziacha ghafla huweza kuyafanya yalipuke upya.

Lakini ipo nafuu isiyohitaji daktari: kumpa mgonjwa mkono bila kusita.